Soksi Nyeupe za Baba Mdogo

Kuna gugu moja linaota nyuma ya nyumba yangu hapa Kigera, karibu na tangi la maji, ambalo sikulipanda wala sijafanikiwa kulimaliza. Watu huliita bangi mwitu, ingawa halina undugu wowote na bangi yenyewe. Lina majani membamba yenye meno na vijiua vya njano iliyopauka, na ukilitazama tu huwezi kulisifia kwa lolote. Lakini ukilivunja, mikono inanuka kutwa nzima, harufu kali ya majani mabichi yaliyochanganyika na ganda la chungwa, yenye utamu kidogo mwishoni. Wiki mbili zilizopita mwanangu alileta nyumbani paka aliyemwokota sokoni, paka anayejikuna mpaka anaanguka ubavu, nikaenda nyuma ya tangi kung'oa mashina mawili matatu. Nilipoyavunja nilisimama palepale, mashina mkononi, kwa muda ambao mwanangu aliuona mrefu, kwa kuwa sikuwa tena Kigera. Nilikuwa Butiama, nina miaka tisa, nimeshika blanketi kwa pembe mbili na Bibi ameshika pembe nyingine mbili.

"Mama, umelala umesimama?" mwanangu aliuliza.

Nilimjibu bado sijalala. Ninyi naomba mnivumilie, maana habari hii nimewahi kuisimulia nusunusu tu, ile nusu inayochekesha.

Mwaka ule mdogo wangu wa kiume aliungua maji ya moto, akapelekwa hospitali Mwanza, na mama akaenda naye kumuuguza. Baba alikuwa dereva wa lori, leo yuko Sirari, kesho yuko Shinyanga. Nyumba yetu ya Musoma ilifungwa kwa kufuli, nami nikapelekwa Butiama kwa Bibi mzaa baba, na begi moja la nguo na daftari zangu. Niliambiwa ni kwa wiki chache. Zikawa miezi.

Bibi alikuwa mjane mrefu, mwembamba wa miguu, mwenye sauti ya chini. Babu alimwachia ng'ombe wengi kiasi, na hao ng'ombe walikuwa wake kwelikweli, si wa jina. Watoto wake walichunga, lakini nani auzwe, nani atengwe, nani apewe dawa gani, hayo aliyasema yeye. Alikuwa na kipaji cha kumtazama ng'ombe manyoya akajua hali yake. Asubuhi alisimama kwenye ua wa zizi, mikono nyuma, akiwatazama wakitoka mmoja mmoja, na akisema "yule mwekundu hajalala vizuri," basi ndani ya siku mbili yule mwekundu alikuwa anakohoa. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumwomba akawaangalizie mifugo yao. Shingoni alivaa rozari, na kwenye kamba hiyohiyo ya rozari alifunga ufunguo wa sanduku la dawa za ng'ombe. Kanisani alipopiga magoti vyote viwili viligongana na benchi.

Ng'ambo ya ua aliishi Baba mdogo Magesa, kitinda mimba wa Bibi, aliyekuwa na mke na shamba la pamba na soksi nyeupe. Soksi zile nazitaja kwa sababu zilikuwa na hadhi yake. Alizivaa Jumapili tu, alizifua mwenyewe, na aliporudi kanisani alizivua kwanza kabla hajavuka uani penye mbolea.

Na kulikuwa na Sista. Sista alikuwa paka, tena paka jike, wa rangi ya kijivu, mwenye kifua cheupe na mstari mweupe kuzunguka paji la uso. Shangazi yangu aliyeolewa Nyegina ndiye aliyemleta ndani ya kikapu, na ndiye aliyempa jina kwa sababu ya ile rangi kama sare ya watawa. Bibi hakulipenda, lakini paka alikuwa ameshalizoea, na kwa hiyo mtu wa Misa ya kila Jumapili akajikuta anapiga kelele uani, "Sista, toka kwenye maziwa!" Siku moja katekista alikuwa anapita njiani akasikia, "Sista, umeiba tena samaki wangu wa furu!" Alisimama, akavua kofia, akasubiri kuona nani atatoka.

Kwangu mimi Sista hakuwa mzaha. Siku za kwanza Butiama sikuweza kupata usingizi. Nilikuwa nasikia sauti ya mdogo wangu masikioni, ile sauti ya siku alipoungua, na nilikuwa nalia kimya ili Bibi asisikie. Sista alikuja akajikunja juu ya miguu yangu, mzito, wa moto, ananguruma. Nikalala. Toka hapo bila yeye sikulala, na yeye bila mimi hakuingia kulala. Sikuwa na kitu kingine changu pale. Mnielewe vizuri hapo, maana yote yaliyofuata yametokana na hilo.

Sista alizaa watoto watatu chini ya kitanda cha Bibi, na haukupita muda viroboto wakatujaa. Mvua zilikuwa zimechelewa, vumbi lilikuwa jingi, na sakafu ya udongo ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba ambazo ndizo walizokuwa wanazitaka. Miguu ya Bibi ilijaa vidoa vyekundu. Sista alijikuna shingo mpaka ikaanza kutoka manyoya, na vile vitoto vyake vilikuwa vimepauka ufizi. Baba mdogo alikuja asubuhi moja kunywa uji, akakaa kwenye kigoda, akaruka juu na kikombe mkononi.

"Mama, humu hamkaliki tena," alisema, akijipangusa. "Mimi nikimaliza palizi ya pamba naendaga Bunda mnadani. Huyo paka na watoto wake nawaweka kwenye gunia, nawaacha hukohuko. Bunda panya ni wengi, hatakufa njaa."

Mimi nilikuwa nafagia jikoni. Ufagio ulinidondoka.

Bibi hakunitazama, lakini alisikia ufagio. "Ukimaliza palizi," alisema, "kabla hujaenda Bunda, njoo na zile soksi zako za kanisani. Utembee humu ndani kona zote. Ukiona kiroboto kwenye soksi, mchukue paka."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Baba mdogo alicheka, akakubali. Palizi ilikuwa na kama mwezi mmoja hivi mbele yake.

Majirani walileta ushauri wao. Mmoja alisema apakwe ugoro, mwingine mafuta ya taa. Bibi aliwasikiliza wote kwa adabu, na walipoondoka akaniambia, "Usije ukathubutu. Paka anajilambaga mwili mzima. Chochote unamtia kwenye manyoya, ujue umemtia mdomoni." Halafu akaniambia jambo ambalo sikulielewa, kwamba viroboto hawaishi kwa paka. Kwa paka wanakuja kula tu. Kwao ni sakafuni, kwenye nyufa na mikeka, na huko ndiko mayai yao yaliko.

Basi tukaanza, na siku zile nikizikumbuka huwa zinanijia zimechanganyika, siku moja ndefu yenye jua lisilozama. Kila asubuhi tulitoa vitu vyote nje. Mikeka, blanketi, ile ngozi ya ng'ombe aliyokuwa akilalia Babu, vyote tulivitandaza juu ya majabali nyuma ya nyumba, majabali makubwa ya kijivu ambayo kufikia saa nne yalikuwa yanachoma nyayo. Hapo ndipo lilipo lile blanketi la mwanzo, yeye pembe mbili na mimi pembe mbili, tunakung'uta na vumbi linapaa na kung'aa juani. Kwa mbali sana, ukijua pa kutazama, ziwa lilikuwa mstari mmoja mweupe. Bibi alifagia kuanzia kwenye kona, polepole, akiinama hadi usawa wa nyufa, na taka zote zikaingia motoni, hatukuzimwaga uani.

Kila Jumamosi tulisiriba sakafu. Nilitumwa kung'oa bangi mwitu pembezoni mwa shamba la pamba, nikaja na mzigo kichwani, na harufu ile ikanifuata kutwa nzima. Bibi aliyachemsha majani kwenye sufuria kuukuu, akayaacha yapoe, akachanganya maji yale na kinyesi kibichi cha ng'ombe na majivu, akaipaka sakafu kwa kiganja, nusu duara baada ya nusu duara, mpaka nyufa zote zikazibika na nyumba ikawa imejaa mistari ya vidole vyake. Ilipokauka ilikuwa baridi chini ya miguu na ina harufu ya shamba baada ya mvua. Majani makavu ya gugu lilelile tuliyatandika chini ya mikeka. Kwenye gunia alilolalia Sista na watoto wake Bibi hakuyaweka. Gunia lile alilichemsha tu na kulianika, kila baada ya siku mbili.

Mchana ulikuwa wa chanuo. Bibi alikuwa na chanuo la meno ya karibukaribu, lile la kutolea chawa, na karai la maji yenye povu la sabuni. Tulikaa upande wa kivuli wa nyumba, Sista mapajani mwangu, nami nikamchana kutoka kwenye masikio kushuka shingoni, kisha mgongoni, kisha tumboni taratibu kwa ajili ya chuchu. Kila nilipomnasa kiroboto nilichovya chanuo kwenye povu naye akazama. Bibi alikuwa anachambua mtama kwenye ungo, mkono mmoja, mwingine unasukuma vitoto vya paka visiingie ndani ya ungo, na anaimba chini chini wimbo wa kanisa kwa maneno ya Kizanaki. Sista alifumba macho. Mimi nami nilikuwa nasinzia, na mara nyingine sikujua kama anayenguruma ni paka au ni nyuki kwenye paa la nyasi. Jioni, giza lilipoanza tu kuingia, Bibi aliweka koroboi katikati ya karai la maji pale sakafuni, akafunga mlango, tukala nje. Viroboto waliufuata mwanga wakatumbukia. Tukirudi ndani tuliwakuta wanaelea.

Wiki tatu tulifanya hivyo, na viroboto walipungua. Lakini walikuwepo. Nilimwambia Bibi tunapoteza muda, yeye akasema, "Hawa wa leo siyo wale wa jana. Hawa ni mayai yanaanguliwaga. Tuliza moyo, Nyangeta, nyumba haitakatagi siku moja." Mimi moyo ulikataa kutulia. Palizi ilikuwa imebaki kipande kidogo upande wa bondeni. Niliweza kukiona nikiwa mlangoni, na kila jioni kilikuwa kimepungua.

Jumanne ilikuwa siku ya josho. Ng'ombe wa kijiji kizima walipelekwa bonde la pili, kwenye mfereji wa saruji uliojaa maji ya dawa yenye rangi ya chai ya maziwa, yanayonuka mpaka machozi yanatoka. Waliingizwa mmoja mmoja, wakatumbukia mpaka masikioni, wakaogelea na kutokea upande wa pili wakitiririka. Siku mbili baadaye kupe wote walikuwa wamekufa. Mtoto wa kwetu anakua akiliona jambo hilo kila wiki, na hakuna anayehitaji kumweleza. Mnyama ana wadudu, mpeleke josho. Nilifikiri juu ya onyo la Bibi, tena nililifikiria vizuri sana, nikajibu mwenyewe kwamba ng'ombe nao hujilamba, na ng'ombe wetu wote wako wazima. Nilijiona nina akili kuliko watu wazima wote wa Butiama.

Kulikuwa na katazo jingine. Baba mdogo alikuwa ametangaza kwamba mtoto atakayegusa dawa ya josho atarudishwa kwao siku hiyohiyo, asiulizwe sababu. Kwetu kulikuwa na kufuli. Nilijua hilo pia. Jumanne ile nilifuata ng'ombe nikiwa na kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, na watu walipokuwa wanahangaika na dume lililogoma kuingia, nilichota pale penye uwanja wa kukaushia, ambapo maji ya dawa hutiririka kurudi shimoni.

Nilimkalisha Sista nyuma ya ghala, nikachovya kitambaa, nikampangusa kutoka shingoni hadi mkiani. Alitulia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba alitulia, kwa sababu kwa wiki tatu alikuwa amezoea kuwa mkono wangu ukija mgongoni unamletea nafuu. Nilipomwachia alikaa juani akaanza kujilamba.

Bibi aliporudi kutoka shambani mchana, alinikuta nimepiga magoti. Sista alikuwa anatokwa udenda mwingi, miguu ya nyuma inatetemeka, akijaribu kusimama anaanguka. Bibi hakuuliza. Harufu ile hakuna mtu wa kwetu asiyeijua. Alitazama kopo, akanitazama mimi, akalitupa kopo ndani ya shimo la choo.

"Bandika maji," alisema. "Yawe vuguvugu, yasimuunguze."

Tulimwosha na sabuni ya kipande, tukamsuuza, tukamwosha tena, mara tatu, maji mapya kila mara, huku Bibi amemshika kichwa juu. Vitoto vyake aliamuru vikae mbali, nikavipa maziwa ya mbuzi kwa ncha ya kitambaa safi. Leo ningemkimbiza Sista kwa daktari wa mifugo hapa mjini. Siku zile daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki siku za chanjo tu.

"Na ng'ombe anajilamba," nilisema, nikilia.

"Ng'ombe ana damu debe ngapi?" Bibi alisema bila kukasirika. "Huyu ana kikombe."

Alimfunga kwenye khanga yake kavu, akakaa naye kifuani ukutani palipo na jua, asipate baridi. Hapo ndipo Baba mdogo aliporudi na ng'ombe. Alifika uani, akasimama, akamwinamia paka, akanusa.

"Nani kagusa dawa?"

Niliona Sista ananiponyoka, niliona begi langu, niliona kufuli la Musoma.

"Ni mimi," Bibi alisema. "Nilifungua sanduku asubuhi. Nilidhani ile chupa ni sabuni ya maji, nikamwogesha nayo paka."

"Mama, chupa ile ina picha ya fuvu."

"Sikuliona."

"Na harufu?"

"Hata harufu, mwanangu. Siku hizi sijui nina nini."

Baba mdogo alichuchumaa mbele yake. Nilitegemea kelele, lakini alizungumza polepole sana, kama watu wanavyozungumza na mgonjwa. "Mama, na kesho huyu mtoto akikohoa, ukafungua sanduku ukampa ukidhani ni dawa ya kikohozi?" Baba mdogo alinyoosha mkono, naye Bibi akainamisha shingo, akafungua fundo la kamba kwa kucha, akatoa ufunguo, akampa. Ilichukua muda kwa sababu fundo lilikuwa la siku nyingi. Mimi, nawaambia ukweli ninyi, nilichohisi ni furaha. Nilikuwa nimepona.

Sista naye alipona. Siku ya pili alikunywa maji, ya tatu alikula furu mmoja, ya tano akaiba wa pili. Tukaendelea na kazi yetu ya mikeka na chanuo bila njia ya mkato, na kila siku karai la jioni lilikuwa na viroboto wachache zaidi, wanne, wawili, kisha maji matupu.

Jumapili baada ya palizi kwisha, Baba mdogo alikuja moja kwa moja kutoka kanisani. Alivua viatu mlangoni, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia na soksi zake nyeupe. Alitembea kona zote. Alisimama kwenye mkeka wangu, akahesabu taratibu kimoyomoyo, akapiga magoti akaingiza mguu chini ya kitanda na kuuacha huko. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Sista mpaka akaanza kulalamika. Kisha nikamwona kiroboto. Alikuwa mmoja, mweusi, kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, anapanda. Baba mdogo naye alimwona. Alimtazama kwa muda, akamtazama Bibi aliyekuwa amekaa amejiinamia, akamminya yule kiroboto kwa kucha mbili.

"Huyu nimekuja naye mwenyewe kutoka zizini," alisema. "Paka abaki."

Nililia kwa kelele, na Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

Mambo mengine yaliyotokea mwezi ule niliyaona bila kuyatilia maanani. Ng'ombe walihamishiwa zizi la Baba mdogo, ng'ambo ya ua, ili Bibi asisumbuke. Maziwa yakawa yanaletwa mlangoni kwenye jagi, na mimi nilifurahi kwa sababu sikulazimika tena kuamka kushika kamba ya ndama. Watu wa mbali hawakuja tena kumwita Bibi. Habari ya mama aliyemwogesha paka kwa dawa ya josho ilikuwa tamu mno, ikazunguka Butiama yote na kufika Mugango. Bibi bado alisimama kwenye ua asubuhi, mikono nyuma, lakini kwenye ua wa mtu mwingine.

Mdogo wangu alipona, mama akarudi, nami nikarudi Musoma. Likizo zote nilikwenda Butiama. Nilikuwa na miaka kama kumi na minne siku Baba mdogo alipoleta dume kutoka mnadani Bunda, dume zuri, refu, ambalo kila mtu alitoka kuliona. Bibi nami tulisimama kando ya zizi. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Magesa," alisema, "huyu manyoya yamesimama. Usimchanganye na wenzake kwanza. Mtenge."

Watu waliokuwepo walitazamana, mmoja akajifunika mdomo asicheke. Baba mdogo alimshika Bibi bega kwa upendo. "Mama, nenda ukapumzike. Hata fuvu la kwenye chupa hulioni, utaona manyoya?"

Dume likaingia zizini. Mvua zilipofika, ng'ombe wa Babu walikuwa wamekufa zaidi ya nusu.

Bibi alifariki mimi nikiwa mtu mzima, nimeolewa. Mwaka uliofuata tulikutana Butiama kujengea kaburi, na baada ya kula Baba mdogo, sasa mwenye mvi na miwani, aliwasimulia wakwe ile habari ya Sista na chupa. Alisimulia vizuri, kwa mapenzi, akiigiza jinsi paka alivyofungwa khanga. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Nami nilicheka, mwanzoni. Halafu nilisubiri mpaka wageni wakatawanyika, nikamfuata alipokaa, nikamwambia. Kopo la maziwa ya unga, josho, kitambaa, vyote.

Alivua miwani akaifuta na pindo la shati, ikawa safi, akaendelea kuifuta.

"Chupa haikutoka kwenye sanduku," alisema.

"Haikutoka, Baba mdogo."

"Macho yake yalikuwaga mazima."

"Mazima kabisa."

Wanawake walikuwa wanaosha vyombo nyuma ya nyumba, na mlio wa sufuria ulikuja na kwenda. "Kwa hiyo yule dume," alisema mwishoni. "Mama alimwona kweli."

"Alimwona."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kwa miaka yote nilikuwa nadhani uongo wa Bibi ulikuwa wa jioni moja, kwamba aliusema, nikaokoka, ukaisha. Kumbe aliuishi kila siku, kila jagi lilipofika mlangoni, kila alipoambiwa apumzike. Na siku ya dume, nilipokuwa nimesimama naye bega kwa bega, msichana mkubwa ambaye hakuna mtu angeweza tena kumfukuza, neno moja kutoka kwangu lingemrudishia ufunguo wake na kuokoa zizi la mumewe. Alipoambiwa haoni, hakugeuka upande wangu. Nilidhani amekubali kwamba amezeeka. Sasa najua alijizuia asinitazame, kwa sababu angenitazama mara moja tu, Baba mdogo angeelewa.